Mrejesho: mashine ya kusaga imehama, jenereta bado

Wakuu, niliuliza jinsi ya kuhamisha mashine ya kusaga na jenereta kwa trekta lenye kijiko cha mbele, hapa Usa River, Arusha. Asanteni sana, mashine imefika salama.

Kilichotuokoa ni uzito wa nyuma. Tulipojaribu bila uzito, matairi ya nyuma yalianza kunyanyuka, nikaogopa kweli. Tukafunga plau nyuma, trekta likatulia. Mzigo tuliubeba chini karibu na ardhi, mwendo wa kobe.

Jenereta imeshindikana. Kijiko kiligoma kuinyanyua, hatukulazimisha, nitatafuta kreni.

Mkuu uliyesisitiza mtu asisogelee mzigo, Mungu akubariki. Mnyororo wa kufungia mzigo uliteleza mara moja tu, na pale chini hapakuwa na mtu.