"Sifuri ya mbele haina thamani" – huyu mtu ataniua

Wakuu, natetemeka, mnisamehe herufi zikipishana.

Mnamjua. Kila ofisi inaye. Leo kachukua namba za wateja, tarakimu 8 kamili, kazitia kwenye safu ya INT ya hifadhidata, yaani safu ya namba za kuhesabia, isiyotunza sifuri za mbele. INT! Mteja 00417326 kaamka anaitwa 417326. Mteja 00000009 sasa ni 9 tu, kama mshambuliaji wa kati. Sifuri alizozimeza leo ukizitunga unapata shanga za kijiji kizima.

Nikamwambia kistaarabu: hiki si kiasi, ni jina lililoandikwa kwa tarakimu, hakuna atakayejumlisha wateja. Weka CHAR(8), safu ya maandishi ya urefu maalumu, herufi 8. Akanigeukia mbele ya kikao kizima: "Sifuri ya mbele haina thamani, hata mtoto wa darasa la kwanza anajua."

Darasa la kwanza, wakuu. Mimi. Bosi kacheka mpaka kavua miwani.

DARASA LA KWANZA!

MchimbaVisima: Urefu ni 8 siku zote? Piga LPAD, ile amri ya kujaza mbele hadi urefu utimie, sifuri zinarudi. Dakika moja. Wewe umelia aya tano.

Mleta uzi: LPAD naijua! Mimi nazungumzia ile MIWANI.

Kobe_Mpole: Jamaa ana hoja lakini. INT ni baiti 4, tarakimu 8 kwenye CHAR ni baiti 8.

MamaJedwali: Hoja gani? Siku msimbo ukija na herufi, INT inautema. ISBN, namba ya utambulisho ya vitabu, ile ya zamani ya tarakimu 10, yenyewe huweza kuishia na X.

NafasiMbili: Nyie mna nafuu. Wa kwetu kaweka CHAR(10) kwa misimbo ya herufi 8. CHAR hujaza pengo kwa nafasi tupu, basi kila faili tunayotoa kwenye hifadhidata yetu ya PostgreSQL, kila msimbo una nafasi mbili mkiani, mpokeaji anaikataa. Na nafasi haionekani! Siku mbili nalitafuta kosa nisiloliona.

Kobe_Mpole: Si mngetumia VARCHAR, maandishi yasiyojazwa nafasi, namba ya mabano ni kikomo tu. PostgreSQL haikuongezei kasi yoyote kwa CHAR.

MamaJedwali: VARCHAR(8), na kizuizi cha kukagua urefu juu yake.

Panzi255: Msinitajie VARCHAR. Wa kwetu kila safu ni VARCHAR(255). UUID, ule msimbo mrefu wa utambulisho, ina herufi 36 tangu izaliwe, kaipa 255. Tarehe nazo 255.

MchimbaVisima: Tarehe kama maandishi??

Panzi255: Kuna safu mlalo imeandikwa "kesho".

NafasiMbili: 😂😂😂 fungua uzi wako, tunahamia wote.

Mleta uzi: Wakuu, na mimi je? Darasa la kwanza, mbele ya bosi...

MamaJedwali: Subiri kidogo mkuu. Panzi, kesho ya lini?