Mrejesho: stoo ya ruta na betri, Lamu

Wakuu, niliuliza kwa nini hesabu ya ruta (vifaa vya kusambaza intaneti) na betri za sola kwenye kompyuta haikubaliani na stoo yetu ya Amu (mji wa Lamu, kisiwani). Ahsanteni sana, nimefuata ushauri wa kuskani namba ya kila kifaa kwa simu palepale gatini Mokowe, upande wa bara, kabla boksi halijapakiwa botini, kisha tena likishushwa Amu. Tatizo lilikuwa hapo: mzigo uliandikwa umefika ilhali ungali ng'ambo. Hesabu ya ruta sasa inakubaliana na stoo. Betri za zamani zinatoka kwanza, maana betri ya risasi (madini ya "lead") ikikaa bila chaji huharibika.

Hesabu ya kebo ndiyo imegoma. Zenye alama za mita tunasoma urefu uliobaki. Zisizo na alama, mafundi wa Shela bado wanakisia.