Naomba ushauri: boti ya tumbo bapa au iliyochongoka?

Asalaam alaykum ndugu zangu. Nipo Wesha, Pemba. Natafuta boti ya faiba ya futi 16 ya kuwatembeza watoto kisiwani Misali siku za mapumziko, si ya kuvulia.

Nimeoneshwa mbili. Moja ina tumbo bapa: haiyumbi ukisimama, maji yakipwa inakaa mchangani kama sinia, na mashine ya farasi 15 inaitosha. Lakini juzi tuliijaribu kusi likivuma, kila wimbi kofi! Mama watoto alishuka kashika kiuno.

Ya pili imechongoka chini, inapasua wimbi vizuri, ila inataka farasi 40, na petroli inakunywa hasa. Tena maji yakipwa italala ubavu. Moyo wangu uko hapo hapo.

Mnaoijua bahari ya huku, nichukue ipi?