Mama kapewa amitriptilini kwa ajili ya mkojo, ni sawa?

Binti_Tandika
Shikamooni wakubwa. Mama yangu ana miaka 68, naishi naye. Akibanwa mkojo tu, hafiki chooni. Kigamboni kwa dada yake haendi tena, anaogopa foleni ya pantoni. Mkobani anatembea na kanga mbili za akiba. Juzi karudi na amitriptilini, na duka la dawa wananiambia ni ya sonona. Mama hana sonona. Wamekosea?

Nesi_Mstaafu
Marahaba mwanangu. Dawa za kundi hilo hutumika kwa mkojo pia. Mwenzake, imipramini, iliandikwa tangu 1960 kwamba inasaidia vikojozi. Inalegeza msuli wa kibofu na kubana mlango wake.

Lakini nisikilize hapa. Utafiti mwingi ni wa watoto, na hata kwao nafuu ni kama usiku mmoja mkavu zaidi kwa wiki. Wakiacha dawa, wengi hurudia. Kwa watu wazima tafiti ni chache na ndogo. Na kwa umri wa mama naogopa: kinywa kukauka, choo kigumu, moyo kwenda mbio, kizunguzungu akisimama. Nilimuuguza bibi aliyeamka saa nane usiku kwenda msalani. Ndoo ilikuwa hatua tatu tu kutoka kitandani. Alianguka kabla ya kuifikia, nyonga ikavunjika.

Mrudishe kwa daktari. Mwambie kama ana ugonjwa wa moyo au presha ya macho, na mbebee dawa zake zote. Mkojo na sukari vipimwe kwanza.

BabaZai
Mke wangu alifundishwa mazoezi baada ya kujifungua: unabana kama unazuia mkojo, unahesabu hadi tano, unaachia. Alifanya kila siku akikaanga maandazi. Baada ya kama miezi mitatu ndipo akaona tofauti.

Nesi_Mstaafu
Hayo ndiyo ya kuanza nayo, na kwenda chooni kwa saa maalumu. Binti, nyumbani kuna mtoto? Vidonge vichache tu vya hiyo vinaweza kumuua.

Binti_Tandika
Asante sana mama. Kumbe ndiyo maana usiku koo linamkauka, anakunywa maji, kisha anabanwa tena. Alfajiri tunaenda. Vidonge vilikuwa chini ya mto wake, na mwanangu wa miaka mitatu analala naye. Nimeshavifungia kabatini.