Nyumba ya mzee Ujiji na gharama za kumuuguza, tufanyeje isipotee?

MwanaUjiji:
Wakuu habari zenu, naomba msaada hasa kwa wanaojua sheria. Baba alipooza upande mmoja mwaka jana, anaelewa ila kuongea ni shida, na gharama hazikatiki, dawa za presha, pampasi, kijana wa kumgeuza na kumuogesha maana mama naye mgongo, bado nauli za kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza. Sasa bro mkubwa anataka nyumba iwekwe dhamana ya mkopo, juzi kaja na karatasi imeshachapwa kabisa, pamoja na wino wa dole, kamshika baba dole gumba, mama akaiwahi ile karatasi. Ndugu yetu yuko Marekani anasema tubadili jina haraka liwe langu maana kuna mambo ya miaka 5, sijaelewa miaka 5 ya nini. Hati ina jina la baba. Tukibadili itasaidia?

Tbr_Isevya:
Pole sana ndugu yangu. Hiyo miaka 5 ni ya huko Marekani, mzee akihitaji kulelewa kituoni kuna mpango wa serikali unaitwa Medicaid unalipia, ila wanachungulia kwanza kama aligawa mali ndani ya miaka 5 nyuma, na akifa wanaweza kudai kwenye mirathi yake. Kwetu Tanzania hakuna mpango huo. Huku nyumba inaondoka kwa mikopo, hasa hii ya kausha damu yenye riba kubwa, na anayeileta ni mtoto wa humohumo ndani. Kwa hiyo mambo ya jina achana nayo kwanza, zuieni hiyo dhamana. Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 59 inasema nyumba ya ndoa mwenza mmoja hawezi kuiuza wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzie, na Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inadai ridhaa hiyo kwenye rehani. Mama asisaini chochote, na kwa kuwa hati ipo aende ofisi ya ardhi ya mkoa akaulizie kuweka zuio, wenyewe wanaita kaveti. Halafu swali, hilo dole lilifika kwenye karatasi?

Abuu K:
Naongezea kama nyie ni Waislamu. Baba kukuandikia wewe akiwa hai hiyo ni hiba, inataka awe na akili timamu, aseme mwenyewe kwa hiari na akukabidhi. Ila ikionekana ametoa akiwa kwenye maradhi ya mauti inahesabiwa kama wosia, haivuki theluthi ya mali yake, na wewe ni mrithi kwa hiyo mpaka warithi wenzio waridhie, akiwemo huyo bro. Utakuwa umemnunulia mama kesi. Na kumbukeni deni la marehemu linalipwa kabla ya kugawa mirathi, kwa hiyo deni mnalolibeba leo kwa jina la baba litakuja kuikuta nyumba hata kama haijawekwa dhamana.

Mama Kasulu:
Mwanangu pole, hayo tumeyapitia kwa bibi yetu. Kaeni watoto wote, hata aliyeko Marekani awe kwenye simu, kila mtu aseme anatoa shilingi ngapi kwa mwezi iandikwe. Sisi tulipangisha vyumba viwili vya mbele, kodi ikawa ya bibi tu, daftari analo mama mdogo na kila anayechukua hela anaandika, pampasi anaandika, bajaji anaandika, ugomvi ukapungua sana maana bro ukimuonyesha daftari hana la kusema. Na kama baba ana miaka 60 au zaidi na hali ni ngumu, chukueni barua ya serikali ya mtaa muende kwa ustawi wa jamii pale hospitali muulizie msamaha wa matibabu, msichoke kuuliza.

MwanaUjiji:
Asanteni sana, Mungu awalipe. Dole lilifika ila limepakazika, karatasi anayo mama, alitaka kuichoma.

Tbr_Isevya:
Asiichome!! Huo ndio ushahidi wenu. Toeni kopi, kesho mwende kwa mwenyekiti wa mtaa iandikwe kwamba baba hakuridhia na mama hakusaini, halafu kopi ya hiyo barua apelekewe mkopeshaji na asaini kwamba kaipokea. Mtafuteni na msaidizi wa kisheria hapo wilayani, hawatozi hela.