Mafundi wa kuunda maguta: springi ya nyuma haichaguliwi kwa kuokota skrepa!

Wakuu, hili limezidi. Mtu anatoa pesa yake aundiwe guta la injini, lile la mizigo lenye tairi tatu: pikipiki ya cc 150 ikatwe nyuma, iwekwe difu (gia za ekseli zinazozungusha tairi mbili za nyuma) na bodi ya kubebea saruji. Rangi inang'aa, taa zinawaka, halafu springi ya nyuma inachaguliwa kwa kuchungulia rundo la skrepa. Iliyopo ndiyo inayofungwa. Baada ya muda mfupi braketi imepasuka, tairi zimelika upande, na likiwa tupu linarukaruka barabara nzima. Ukimrudia fundi anakwambia "umezidisha mzigo". Uzidishe wapi, wakati aliambiwa mifuko kumi tangu anapokea advansi?

Hesabu yenyewe si ngumu. Mifuko kumi ni kilo 500. Bodi ikikaa vizuri, katikati ya mzigo pakiwa mbele kidogo ya ekseli, nyuma inapokea kama kilo 400, yaani 200 kila springi. Springi ya bapa tano (vile vyuma virefu vinavyopangwa kimoja juu ya kingine), upana milimita 50, unene milimita 6, urefu sentimita 80 jicho kwa jicho, yaani tundu la ncha hadi tundu la ncha, itashuka takribani milimita 35 kwa mzigo huo. Hiyo inafaa kabisa. Sasa fundi anaokota bapa za gari kubwa za milimita 8 na kusema "hizi ndizo ngumu". Ni ngumu kweli, mara 2.4 ya zile, kwa sababu kwenye hesabu ni unene mara unene mara unene. Mzigo uleule unaishusha milimita 15 tu, na guta likiwa tupu springi haifanyi kazi yoyote: kila shimo linaingia moja kwa moja kwenye chesisi. Braketi inapasuka hapo, wala si kwa sababu ya saruji. Anayetaka nguvu zaidi aongeze bapa moja ya unene uleule. Juu ya bapa tano, ugumu unapanda kwa moja ya tano, basi.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni umbali kati ya springi ya kulia na ya kushoto. Fremu ya pikipiki ni nyembamba, kwa hiyo fundi anafuata wembamba huohuo na kuziweka sentimita 50, kwenye ekseli ya mita moja! Jamani, tairi la mbele ni moja. Halisaidii chochote kuzuia bodi isilale kwenye kona, kazi yote iko nyuma. Na uwezo wa kuzuia kulala unakwenda kwa umbali ukizidishwa kwa wenyewe: kutoka sentimita 50 kwenda 75, springi zilezile zinazuia mara 2.25. Lakini fundi akiona guta linalala anaongeza bapa badala ya kupanua, ndipo linakuwa gumu kama kitanda cha mbao na bado linalala kwenye kona. Jenga chesisi pana nyuma, springi zikae karibu na tairi kadiri breki zinavyoruhusu.

Halafu wapo wanaochomelea macho yote mawili ya springi yasisogee. Bapa ikikandamizwa inanyooka, na ikinyooka inarefuka. Itarefukia wapi? Jicho la mbele lifungwe na bushi, la nyuma liwe na shakeli, kiungo kinachocheza mbele na nyuma. Na tafadhali, moto wa kuchomelea usiguse bapa yenyewe. Chuma cha springi kikipata joto hilo kinakatikia palepale penye welding.

Kati ya ekseli na chesisi, likiwa tupu, acheni angalau milimita 90: 35 za mzigo, zinazobaki za mashimo, na raba ya kuzuia mwishoni. Mnaacha nafasi ya vidole viwili halafu mnashangaa ekseli kugonga.

Mwana_Difu: Mkuu, mafundi wanakosea ila na wateja nao! Anakuja na bei ya kiti, anataka guta. Na hujagusa maguta ya cheni. Kule ni balaa zaidi, cheni inavuta ekseli upande mmoja, bapa inakubali, ekseli inakaa mshazari, cheni inaruka meno. Yale lazima yawe na mikono miwili ya chuma kutoka ekseli hadi kwenye fremu, na mhimili wa mikono, pale inapochezea kwenye fremu, uwe karibu iwezekanavyo na sproketi ya mbele (gia ya meno inayovuta cheni), cheni isilegee na kukaza kila tairi ikipanda. Ukishaweka mikono, jicho la mbele la springi nalo liwe na shakeli, la sivyo springi na mikono vinapingana.

Bodi Pana: Kwani shokapu nne za pikipiki ya Boxer hazitoshi? Bei rahisi na zinapatikana kila duka.

Mwanzisha uzi: Hazitoshi namna mnavyozifunga. Shokapu ikilazwa nyuzi 45, ugumu unaofika kwenye ekseli ni nusu tu. Ikifungwa katikati ya mkono badala ya mwishoni, unabaki robo. Ukifanya yote mawili unabaki na moja ya nane, halafu unalalamika guta limekaa chini. Wima, na karibu na tairi! Kwa nusu tani mimi nasema bapa zibebe, shokapu ziwe za kutuliza mruko tu. Na wale wa mikono ya nyuma ya bajaji ya abiria, ile ilipigiwa hesabu ya dereva na watu watatu, si lumbesa za viazi.

Mwana_Difu: Ongezea yu-bolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli. Senta bolti, ile inayopita katikati ya bapa, kazi yake ni kuonyesha mahali pa ekseli, kinachobana ni yu-bolti. Zikilegea, senta bolti inakatika na ekseli inarudi nyuma upande mmoja. Zikazwe guta likiwa na mzigo, zikazwe tena baada ya safari za mwanzo, maana bapa mpya zinajikalisha. Kabla ya kulipa salio, mteja ashike futi ya kupimia: kutoka katikati ya shingo ya usukani hadi ncha ya kulia ya ekseli, kisha ya kushoto. Tofauti ikizidi milimita 3, usitoe hela, lirudi kwenye welding. Na akilirudisha, fundi atoe shafti za difu kwanza na waya wa athi wa mashine ya welding aubane karibu na anapochomelea, umeme usipite kwenye beringi.