Fundi kabandika chuma kwenye mbao kwa gundi nyeupe, nguzo ya ngazi imeng'oka bi mkubwa akiwa kaishika!

Wakuu nimekasirika mno na leo sifichi kitu. Nilimpa fundi kazi ya nguzo za mkono wa ngazi, mbao ya mninga, laki 4 na nusu nimelipa yote. Chini kazishikiza kwa vipande vya chuma vya milimita 12, nusu ndani ya nguzo nusu ndani ya kidato, na gundi. Juzi bi mkubwa anashuka, kaegemea ile ya juu, ikachomoka nzima nzima! Bila shemeji kumdaka sijui leo ningekuwa naandika nini hapa.

Nikakishika kile chuma. Kinang'aa kama kimetoka dukani, ukipitisha kidole mafuta bado yapo, hakijang'ang'aniwa na gundi hata kidogo. Chini ya tundu ni ujiuji mweupe, miezi 2 haujakauka!! Ni ile gundi ya maji ya mbao kwa mbao, ambayo inakauka kwa sababu mbao inayanywa yale maji, sasa chuma kinakunywaje maji jamani?

Nikamwita mzee mmoja seremala wa zamani aje aone, akatikisa kichwa tu. Anasema hapo ni gundi ya epoksi, ile ya kuchanganya na hadina (dawa yake ya kuigandisha) kwa kipimo chake, na chuma chenye meno sio hiki kilaini, unakipiga msasa unakifuta na thina mpaka kitambaa kitoke kisafi, tundu liwe pana kuliko chuma kama milimita 2 hivi ili gundi izunguke pande zote, vumbi unapuliza lote, gundi unaijaza kuanzia chini hewa isibanwe, halafu huigusi mpaka kesho yake. Huyu wangu katoboa 12 kwa 12 akakigongelea na nyundo, gundi yote ikasukumwa chini ikafungiwa huko, pembeni pakavu!

Nampigia ananijibu "bosi mbao imenywea". Mbao si aliichagua yeye mwenyewe, mbichi, akasema haina shida?

Nguzo zipo 9 na zote kazifanya hivyo hivyo, sasa hivi nimezifunga kamba na watoto hawapandi juu. Hela yangu nataka yote. Na mwenye fundi anayeijua epoksi hapa Morogoro aje PM leo leo.